Babu tuliambiwa alikufia Bama, karatasi inasema alipotea baharini 1944. Kuna anayejua meli ya Khedive Ismail?

Kivuli_wa_Umoja

Habari zenu wadau, naomba msaada kwa wale mnajua mambo ya meli na vita vya zamani. Kwetu tumekua tukiambiwa babu, yaani baba ya babangu, alikufia Bama (Burma, Myanmar ya leo). Hio ndio hadithi yote, alichukuliwa keya (jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), akaenda Bama, hakurudi. Babangu hakumjua, alikua bado wa kubebwa mgongoni.

Sasa mwezi uliopita tulifungua sanduku la bati la susu (kwetu Ukambani nyanya tunamwita hivyo) alafu chini kabisa, chini ya leso, tukapata karatasi imekunjwa mara nne na mikunjo imetoboka, yale maneno ya katikati yamekatika kabisa. Lakini tarehe inasomeka, 12 Februari 1944, na namba yake ya jeshi, na rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, na kwamba amepotea baharini. Susu hakujua kusoma. Enyewe najua alipeleka hio karatasi ofisi moja miaka ya sitini akiulizia haki ya bwanake, akaambiwa faili haiko, akarudi nyumbani akaikunja akaiweka na hakuitaja tena mpaka alipoaga.

Mtu amekufia Bama amepoteaje baharini? Msichana wangu aliingia intaneti na hio tarehe akapata jina la meli, Khedive Ismail, lakini maelezo mengi ni ya kizungu kizito na mimi nataka kuelewa vizuri ndio nimweleze mzee. Ilikua meli ya jeshi la maji? Ilitoka wapi kuja huku? Ilikua inaenda wapi na ilizamaje na watu wengi hivyo? Babangu ana miaka 80 na kitu, tangu tumsomee ile karatasi kila asubuhi kabla hata ya chai ananiuliza umepata nini. Tafadhali.

Otis_Jeri

Pole sana ndugu, na pole kwa mzee.

Hapo kwa Bama nikusaidie kidogo juu hata kwetu wazee walikua wanaongea hivyo hivyo. Wakati huo kila mtu aliyevaa gwanda waliita keya hata kama hakua wa King's African Rifles, na kila mtu aliyepandishwa meli Kilindini, bandari ya Mombasa, walisema ameenda Bama. Lakini divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa kwanza Ceylon, hio ndio Sri Lanka ya leo, kuanzia katikati ya 1943, wakakaa huko wanafanya mazoezi, na Bama kwenyewe waliingia Agosti 1944 kupitia bonde la Kabaw. Kwa hivyo mtu aliyesafiri Februari 1944 alikua anaelekea Ceylon. Babu yako hakufika Bama. Familia haikudanganya, walimaliza tu safari yake kwa maneno juu hakuna aliyewaambia ilikatikia wapi.

Ya meli nawaachia wenye kujua, kuna mzee mmoja hapa alifanya kazi bandarini nadhani atakuja.

Baharia_Mstaafu

Nimekuja. Mwanangu Kivuli, kwanza pole, na mpe mzee wako salamu zangu, mwambie zinatoka kwa mtu aliyekaa Kilindini zaidi ya miaka 30 kabla ya kuja kupumzika hapa South B kwa watoto.

Khedive Ismail haikuwa manowari wala haikuzaliwa kwa ajili ya vita. Ilikuwa meli ya abiria. Ilijengwa Greenock, Scotland, na kiwanda cha Scotts, ikamalizika 1922, na jina lake la kwanza lilikuwa Aconcagua, kama ule mlima mrefu kuliko yote ya Amerika. Wenyewe walikuwa kampuni ya Chile, Compañía Sudamericana de Vapores, ikafanya njia ya Valparaíso kwenda New York. Ilikuwa na pacha wake, Teno, kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Basi ikaja ile hali ngumu ya uchumi ya miaka ya thelathini, kampuni ikashindwa, meli zikarudi kwa waliozijenga, na 1935 zikanunuliwa na Khedivial Mail Line ya Alexandria, Misri. Huko ndiko zilikopewa majina ya watawala wa Misri. Teno ikawa Mohamed Ali El-Kebir, na Aconcagua ikawa Khedive Ismail, jina la yule aliyetawala wakati mfereji wa Suez unafunguliwa 1869.

Ukisoma mahali imeandikwa tani 7,513 usidhani ndio uzito. Kwa meli za abiria hiyo ni hesabu ya nafasi ya ndani, nafasi ya kupakia watu na mizigo. Nakuambia hivi kwa sababu nafasi ndiyo serikali ya Uingereza iliyokuwa inatafuta. 1940 wakazichukua zote mbili kubeba askari. Meli ya abiria ikichukuliwa hivyo vyumba vizuri vya juu wanapewa maofisa, na wanajeshi wa kawaida wanalala chini, kule kulikokuwa mizigo. Mabaharia wanabaki raia. Ndio maana mbele ya jina utaona SS na si HMS, lakini kazi ni ya jeshi na amri ni ya jeshi.

Pacha wake hakumaliza hata huo mwaka, nyambizi ya Wajerumani U-38 iliizamisha Agosti 1940 ikiwa imebeba askari, lakini ile ilichelewa kuzama kwa hiyo wengi waliokolewa. Khedive Ismail ikabaki peke yake. Aprili 1941 ilikuwa Ugiriki, wakati Waingereza wanaondoa majeshi yao, usiku, bandari ndogo ya Nafplio. Kulikuwa na meli nyingine imekwama na kuziba njia kwa hiyo watu walikuwa wanaletwa kwa vyombo vidogo vidogo, na Khedive Ismail ikaondoka alfajiri bila kupata nafasi ya kupakia mtu. Ile iliyochelewa kuondoka kidogo, Slamat ya Waholanzi, ndege zikaikuta asubuhi, ikazama na manowari mbili zilizojaribu kuokoa watu nazo zikazama, wakafa karibu watu 1,000. Khedive Ismail ilikuwa kwenye msafara huo huo, ikapona.

Sasa twende ulikouliza. Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Mombasa katika msafara ulioitwa KR 8, meli 5 za askari zikielekea Colombo. Ndani yake walikuwa watu 1,511. Kati yao 996 ni hao wa rejimenti ya 301, watu wa mizinga, Waafrika kutoka nchi zetu hizi na maofisa wao. Walikuwepo wanamaji wa Uingereza wanaokwenda vituoni, na wanawake zaidi ya 80, wauguzi wengi wao. Tarehe 12 ilikuwa Jumamosi. Walikuwa kusini magharibi ya Maldives, maji yametulia, siku ya jua. Mchana baada ya kula watu wengi walikuwa ndani ukumbini kwa tamasha la muziki. Saa nane u nusu hivi, nyambizi ya Wajapani I-27 ikapiga topido nne, mbili zikafika. Zikapiga upande wa injini na boila. Meli ilikatika ikaenda chini kwa muda usiofika dakika 2.

Dakika 2 mwanangu. Mtu aliye chini kule kwenye mizigo anahitaji zaidi ya hapo kupanda ngazi tu, hata kama hakuna anayemsukuma na taa zinawaka. Walikufa 1,297. Walipona wanaume 208 na wanawake 6.

Mwambie mzee babake hakupotea kwa maana ya kutojulikana alipo. Anajulikana alipo, na siku, na saa.

Kivuli_wa_Umoja

Mzee wangu sijui niseme nini. Nimesoma mara tatu ndani ya matatu nikapitishwa stegi. Asante sana. 996 kati ya 1,511, yaani hio meli karibu theluthi mbili ilikua ni rejimenti ya watu wa huku, na mimi nimesoma historia mpaka fomu foo na sijawahi kusikia hata jina lake.

Leo jioni namsomea baba.

Msomaji_Ngara

Shukran Baharia kwa maelezo, lakini kwa heshima zote, umeacha jambo. Meli za kusindikiza zilifanya nini baada ya hapo? Wale waliokua majini wakielea? Nadhani familia ina haki ya kujua yote sio nusu. Waingereza waliwalipua watu wetu wenyewe, hilo lisemwe.

Baharia_Mstaafu

Msomaji, sikusahau. Niliacha kwa makusudi kwa sababu alisema anakwenda kumsomea baba mwenye miaka 80 na zaidi, na mimi ni mtu wa umri karibu na huo, najua usiku unakuwaje ukipewa habari kama hiyo jioni. Kivuli ndiye wa kuamua. Akisema niendelee nitaendelea.

Kivuli_wa_Umoja

Nimerudi. Nilimsomea yote. Alikaa kimya mpaka nikadhani amelala. Alafu nikamweleza kuna sehemu imebaki, mzee wa bandarini ameificha kwa huruma. Akasema, "Mama alinyamaziwa maisha yake yote. Mimi niambiwe."

Kwa hivyo mzee endelea tafadhali.

Baharia_Mstaafu

Haya. Mwambie nimemsikia.

Msafara ule ulikuwa na manowari kubwa moja ya zamani, Hawkins, na mbili ndogo za mbio, Petard na Paladin. Meli 5 za askari kwa manowari 3, ulinzi ulikuwa mdogo, hilo nalisema wazi. Khedive Ismail ilipozama amri ya msafara ni kwamba wengine watawanyike na waendelee, wasisimame, maana meli iliyosimama ni shabaha. Hawkins na zile meli 4 zikaenda. Petard na Paladin zikabaki.

Nyambizi ilikuwa imejificha chini, karibu na pale pale watu walipokuwa wanaelea kwenye mbao na maboya. Manowari hupiga nyambizi kwa mapipa ya baruti yanayolipukia ndani ya maji, na mlipuko wa ndani ya maji hauchagui, unampasua mtu mapafu na tumbo hata kama yuko mbali na pipa lenyewe. Paladin ilikuwa imeanza kuokoa watu. Petard ikapita na kuangusha mapipa. Waliokuwa majini waliiona inakuja. Wako waliookoka meli na hawakuokoka hapo.

Ilichukua zaidi ya saa 2. Nyambizi ikalazimika kuja juu, Paladin ikaenda kuigonga, ikageuza dakika ya mwisho na ikapasuliwa ubavu na pezi la ile nyambizi. Mizinga ya Petard ilishindwa kuitoboa. Ikabidi Petard irushe topido moja moja, zikakosa, zikakosa, ya saba ndiyo iliyoipata. Katika nyambizi alipona mtu mmoja. Hiyo Petard ndiyo ile ile iliyokamata vitabu vya siri vya Wajerumani kutoka U-559 mwaka 1942, vitabu vilivyosaidia sana kufungua maandishi ya siri ya nyambizi zao, kwa hiyo katika vitabu vya Waingereza ina jina kubwa. Ukisoma habari zake utaona sifa nyingi na mistari michache sana juu ya watu wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Msomaji anasema waliwalipua watu wetu. Ni kweli walilipuka, pamoja na wanamaji wao na wauguzi wao waliokuwa katika maji yale yale. Yule nahodha alikuwa na hesabu mbele yake, nyambizi ikiachwa itazifuata zile meli 4 na wao nao wamejaa. Nimefanya kazi na manahodha maisha yangu yote na sijawahi kusikia hesabu mbaya kuliko hiyo. Sisemi alikosea. Lakini sitamwambia mtoto wa aliyekuwa majini kwamba alifanya vizuri.

Msomaji_Ngara

Nimekuelewa mzee na naomba radhi kwa haraka yangu. Sikua nimefikiria habari ya mzee mwenyewe kusikia.

Mama_Dago

Naingilia kidogo kwa sababu nimesoma kutoka juu na machozi yananitoka na hakuna aliyemwambia Kivuli jambo ambalo liko hapa hapa Nairobi.

Majina yao yako Ngong Road! Pale makaburi ya vita, Nairobi War Cemetery, karibu na msitu wa Ngong. Ndani yake kuna ukumbusho wa Afrika Mashariki, ukuta wa majina ya wale ambao hawana kaburi, na hao wa rejimenti ya 301 waliokufa na hio meli wameandikwa pale. Mimi nakaa Dagoretti, nilikua napita hapo kila siku kwenda kazini na sikujua, mpaka siku moja gari ilituharibikia nikaingia kupumzika kivulini. Nje ni pikipiki na honi, ukishapita lango unasikia ndege. Nyasi zimekatwa fupi, na mawe yako kwa mistari. Nikaenda kwa ule ukuta nikaanza kusoma, na nikakuta majina kama ya watu wa soko letu. Majina ya Wakamba, ya Waluo, ya Waislamu, ya kina Juma na Ali, safu moja baada ya nyingine. Nilisoma mpaka macho yakachoka.

Kivuli, mkienda usitafute kwa herufi vile nyinyi mnaandika jina leo. Makarani wa jeshi waliandika vile walisikia. Majina yetu yanayoanza na Mû wao waliandika vyovyote, na jina la pili mara nyingi ni la babake, fulani mwana wa fulani, sio la ukoo vile tunatumia sasa. Kwa ukuta majina yamepangwa kwa kikosi alafu cheo, kwa hivyo anzia kwa watu wa mizinga. Kama hamuoni, wale wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola wana orodha kwa intaneti, mnaweza kutafuta kwa namba ya jeshi, na hio namba mko nayo kwa karatasi. Namba haikosewi kama jina.

Na niseme hili pia. Zile sanamu za askari na mbeba mizigo pale Kenyatta Avenue ni za vita vya kwanza, za 1928, na hazina jina la mtu hata mmoja. Wabeba mizigo wa vita hivyo, wale ambao Kariokor imeitwa kwa ajili yao, wengi hawakuandikwa popote, na hio Tume yenyewe ilikubali na ikaomba msamaha 2021. Kwa hivyo mkipata jina la babu limechongwa mjue ni kitu ambacho familia nyingi hapa hazitawahi kupata. Pelekeni mzee.

Otis_Jeri

Mama Dago asante sana kwa hio. Kivuli matatu ya kwenda Ngong, 111, inawapitisha hapo kabisa, mwambie konda mnashuka makaburi ya vita. Lakini kwa mzee wa miaka hio chukua teksi, usimpandishe ngazi za matatu.

Kivuli_wa_Umoja

Wadau Mungu awabariki. Nilikua sijui kama nitapata hata jibu moja.

Nimemaliza kumsomea ile ya pili ya Baharia. Hakulia. Aliomba nimrudie pale kwa saa, nikamwambia saa nane u nusu mchana, Jumamosi. Akaniambia susu alikua na tabia moja ambayo hawakuwahi kuielewa kama watoto, hakua anakubali mtu aende mtoni peke yake mchana wa jua kali, alikua anawakemea mpaka wanalia. Sijui kama inahusiana. Yeye anaamini inahusiana na mimi sikumbishia.

Msichana wangu ametafuta kwa ile namba vile Mama Dago amesema. Jina lipo. Wameandika na R mahali sisi tuna L, na jina la babake limefuata, sawa kabisa na vile baba anatuhesabia ukoo. Na limeandikwa liko kwa huo ukuta wa Ngong Road, kwa hivyo miaka yote hio amekua mji mmoja na sisi.

Tunaenda Jumamosi hii. Baba amesema tufike mapema tutafute jina, alafu hatutoki hapo mpaka saa nane u nusu ipite. Anauliza pia kama wanaruhusu mtu kumwaga maji kidogo chini ya jina, maji kutoka kisima cha nyumbani Kangundo, ashapigia dada yangu simu alete chupa.

Mama_Dago

Muulize tu yule anayetunza bustani kwa heshima, sidhani atamkatalia mzee. Mimi nitakua langoni saa tatu na stuli ya kukalia, juu hapo kwa ukuta hakuna mahali pa kukaa karibu na kutoka saa tatu mpaka saa nane ni mbali kwa miguu ya mzee. Nitavaa leso ya manjano.

Baharia_Mstaafu

Niwekeeni nafasi kwenye hiyo teksi, mkipita Mombasa Road nichukueni South B. Nakuja.